Ubaridi wa Mama Anatoli

Aliyetaka kinywaji baridi Murukulazo, miaka ile ya Ujamaa, alikuwa na njia mbili: kwenda kwa Domisiana au kuvumilia. Umeme haukuwapo. Barafu watu waliisikia kwa watoto waliotoka shule. Misheni walikuwa na friji moja la mafuta ya taa, lakini humo ndani mlikaa chanjo za watoto, na ufunguo wake Padre alilala nao.

Domisiana alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ulimi ambao hata wajomba zake waliuogopa. Mali hakuwa nayo. Alikuwa na kiburi kimoja tu, na hicho hakuna aliyeweza kumpokonya: tangu aolewe, hakuna mtu aliyewahi kunywa kwake pombe ya moto.

Kiburi hicho alikirithi kwa mama yake. Pombe ya ndizi, ambayo Wahangaza huiita urwagwa, haina subira. Ukishaikamua na kuitia unga wa mtama uliokaangwa, inachacha kwa usiku mmoja, na ukiiacha kwenye joto siku ya pili umebaki na siki. Kule mlimani walikokaa zamani palikuwa na chemchemi iliyotoka chini ya mwamba, na kando yake mchanga usiokauka kiangazi wala masika. Domisiana aliifukia mitungi yake humo mpaka shingoni, akaifunga midomo kwa majani ya mgomba, akarundika majani mabichi juu. Siku ya harusi ya mtu mitungi ilifukuliwa, ikapandishwa mlimani ikiwa imeviringwa nguo zilizolowa, na wazee walipovuta mrija walishika taya kwa ubaridi na kumlaumu, lawama za furaha.

Ni lazima niseme na jambo la mrija, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Katika nchi ile pombe haitolewi hivihivi. Aliyeipika huvuta kwanza yeye, mbele ya macho ya watu, akameza, ndipo akampa mgeni mrija. Sumu ilikuwapo, au tuseme hofu ya sumu ilikuwapo, na hofu haihitaji ushahidi. Mgeni naye akishapewa mrija sharti avute, hata kama hana kiu, hata tone moja. Kuukataa ni kumwambia mwenye pombe, tena hadharani: wewe mchawi. Watu walioana na kuachana, walipigana na kupatana, lakini mrija wa Domisiana haukuwa umekataliwa na mtu hata mmoja.

Kisha ikaja operesheni. Mwaka sabini na nne waliambiwa washuke mlimani wakae barabarani, pamoja, ili maendeleo yapate pa kuwakuta. Waliokuwa wazito wa kuelewa walieleweshwa kwa kung'olewa mapaa. Paa la Domisiana na mumewe Nzeyimana liling'olewa asubuhi, na yeye aliomba kitu kimoja tu, apewe muda wa kufukua mitungi yake. Akapewa. Miwili ilipasukia njiani juu ya lori. Huko waliposhushwa palikuwa uwanda mkavu, nyumba zimepangwa mistari, na kisima chenye pampu iliyokufa kabla ya kuzinduliwa. Maendeleo yenyewe, kama yalipita, yalipita usiku watu wamelala.

Nzeyimana hakuupenda uwanda ule. Alichoma mkaa wa kuuza kidogokidogo, akaugua homa, akafa mwaka wa pili, akamwachia Domisiana mwana mmoja, Anatoli, na fungu la mkaa ulionyeshewa mvua nyuma ya nyumba.

Fungu hilo ndilo lililomrudishia Domisiana jina lake. Siku moja, jua limewaka mpaka kuku wanahema, alitia mkono katikati ya mkaa ule kutafuta vipande vikavu vya kupikia. Mkono ukakuta baridi. Alibaki ameinama pale, akaacha mkono ndani muda mrefu, akifikiri. Wiki ile ile yeye na Anatoli wakajenga kijumba kidogo chenye kuta mbilimbili za fito, na kati ya ukuta na ukuta wakajaza mkaa. Paa likawa la nyasi nene. Mlango ukatazama upande unakotoka upepo. Ndani wakachimba shimo, wakatandika mchanga wa mtoni. Kazi iliyobaki ilikuwa kuunywesha mkaa: kuumwagia maji taratibu kutoka juu, asubuhi, adhuhuri na alasiri, usikauke. Upepo ulipopita katika mkaa uliolowa uliingia ndani umetulia, na mitungi shimoni ilitoa jasho kama ilivyotoa kule chemchemi. Maji yenyewe yalifuatwa bondeni, mwendo wa kukata pumzi. Anatoli aliyabeba bila kunung'unika, na kwa kijana wa umri ule hilo lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu.

Aliyewasaidia kujenga ni Speciosa, jirani yao tangu mlimani. Speciosa na Domisiana waliolewa kiangazi kimoja. Speciosa hakujaliwa mtoto, na Anatoli alipobatizwa ni yeye aliyemshika kwenye kisima cha ubatizo, kwa hiyo alikuwa mama yake wa ubatizo, na hakuuchukulia umama huo kama cheo cha Jumapili. Alimfua nguo, alimchapa, alimfichia ndizi mbivu. Mtoto mmoja, mama wawili, watu walisema, na wawili hao hawakuwahi kugombana kwa ajili yake.

Vita vilipokuja, mwishoni mwa sabini na nane, vijiji vilitakiwa kutoa vijana wa mgambo. Mwenyekiti wa kijiji, Leonidas, alikuwa na wana wanne wenye miguu ya kukimbiza swala. Ghafla wote wanne wakaonekana wana vifua vibovu. Mwana wa mjane, ambaye hakuwa na mtu wa kumsemea kifua chake, akaonekana mzima kabisa. Lori liliondoka na Anatoli akiwa amesimama nyuma, anaimba na wenzake, na Domisiana na Speciosa walilifuata kwa miguu mpaka vumbi likawashinda.

Redio ikasema tumeingia Uganda. Baadaye ikasema tumeshinda. Domisiana alisikiliza yote dukani, kwa sababu redio ilikuwa ya duka la kijiji, na kila aliporudi nyumbani Speciosa alimuuliza, "Wamesema wanarudi lini?" Hilo redio haikusema.

Kiangazi cha sabini na tisa, siku ya Jumanne, katibu kata alifika mlangoni kwa Domisiana. Aliitwa Faustini, kijana wa mashati yaliyopigwa pasi, asiye mbaya sana, anayeogopa sana wakubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na njaa au na kazi?"

"Na habari njema. Vijana wetu wanarudi Jumapili. Mgeni rasmi anatoka mkoani, kutakuwa na sherehe uwanja wa shule. Tumepata kreti za bia na soda, kwa tabu kweli. Sasa mama, hatuwezi kumpa mtu wa mkoa bia inayochemka."

"Na Anatoli?"

"Vijana wote wa kata, mama."

Tumtendee haki Faustini. Siku hiyo hakusema uongo. Siku hiyo hakuwa na sababu ya kusema uongo.

Domisiana aliifanya kazi ile kama mtu anayetandika kitanda cha mwanawe. Kijumba kimoja hakikutosha kreti zile, kwa hiyo alijenga cha pili kando ya uwanja wa shule, chini ya mikaratusi inakopita hewa. Alitafuta mkaa kila nyumba. Chupa alizivika vipande vya magunia ya katani vilivyoloweshwa, akazitundika kwenye fito mstari baada ya mstari, zipigwe na upepo wa usiku kwanza, ndipo alfajiri ziingizwe kijumbani kabla jua halijaziona. Mitungi yake ya urwagwa aliichimbia shimo refu kuliko yote aliyowahi kuchimba. Mwanawe alikuwa anarudi na watu wote wa kata wangekuwapo kumwona, na alitaka siku hiyo iwe na ladha ambayo wangeisimulia.

Tangu Ijumaa aliona watu wamebadilika. Wanawake waliozoea kulalamikia mzigo mmoja wa maji walibeba miwili, hawakusema neno. Leonidas, ambaye hakuwahi kumpa mtu kitu, alimletea sukari ya mgawo. Mzee mmoja ambaye walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba alivua kofia alipopita. Domisiana aliyapokea yote hayo kwa shingo iliyonyooka. Alidhani hatimaye wameijua thamani yake, na alidhani pia kwamba mama wa mpiganaji anaheshimiwa hivyo. Speciosa peke yake hakuonekana. Alituma mtu kusema anaumwa kichwa.

Jumamosi alimkuta Faustini uwanjani anasimamia turubai. "Lori linatoka wapi? Bukoba au Mwanza?"

Faustini alikuwa anaangalia kamba. "Mama, wewe tushikie ubaridi. Mengine tuachie sisi."

Jumapili, baada ya misa, uwanja ulijaa. Ngoma zililia, mgeni rasmi alikaa kwenye kiti cha Padre, na lori likaja na matawi ya mgomba yamefungwa ubavuni. Vijana wakaruka chini, wamekonda, weusi kwa jua, wengine na makoti yasiyo yao. Mama zao wakawavamia. Domisiana alisimama akingoja kila uso upite. Lori likabaki tupu. Akazunguka nyuma yake, akatazama ndani, kana kwamba mtu mzima anaweza kusahaulika kwenye pembe ya lori.

Leonidas alimfuata mbio. Leonidas alikuwa mtu ambaye l na r kwake zilikuwa ndugu wa tumbo moja, hasa akiwa na haraka. "Mama Anatori, usiwe na wasiwasi. Kuna rori ya piri. Imekwama Nyakahura, wanatengeneza. Nenda kwenye vinywaji, mgeni ana kiu."

Alimwamini. Kwa nini asimwamini? Malori yalikwama Nyakahura kila siku. Alirudi kijumbani, akatoa chupa kwa mikono yake, na kila chupa aliyoitoa aliifuta jasho kwa khanga, akisikilizia barabarani kama kuna mngurumo.

Mgeni rasmi alipoishika bia yake alishtuka, akaihamishia mkono wa pili. "Barafu mnapata wapi huku?"

"Ni juhudi za kijiji, ndugu," akajibu Faustini.

Basi mgeni akasimama na chupa mkononi akatoa hotuba ndefu juu ya kujitegemea. Alisema kijiji hiki hakikungoja kuletewa, kimejiletea. Watu walipiga makofi. Domisiana alizungusha vinywaji. Alimfikia kijana mmoja aliyeitwa Malongo, aliyepanda lori moja na Anatoli siku ile ya kuondoka, akampa soda baridi na kumuuliza kama waliachana mbali na lori la pili. Malongo aliiweka chupa kwenye paji la uso, akafumba macho. Alisema, "Asante, mama," akaondoka akiiacha chupa chini haijafunguliwa. Domisiana akafikiri ni mambo ya vita, vijana hurudi wamevurugika.

Kisha akautoa mtungi wake mkubwa, ule wa wazee na wa watu wa mlimani. Ndipo alipomwona Speciosa, amekaa peke yake mwisho wa uwanja juu ya jiwe, kajitanda khanga mpaka kichwani. Domisiana alifurahi kumwona. Alibeba kibuyu cha kwanza kutoka mtungini, akaenda nacho mpaka pale, na wanawake wakamfuata, maana mrija wa kwanza wa Domisiana ulikuwa jambo la kuangaliwa. Akavuta, akameza, akaugeuza mrija.

"Shika, mama wa ubatizo. Mwanao yuko Nyakahura, anatengenezewa gari."

Speciosa akatikisa kichwa. "Leo sinywi."

"Vuta tone. Kichwa kitapoa."

"Sinywi, Domisiana."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umeweka nadhiri?"

"Sikuweka."

Domisiana alihisi damu inampanda usoni. Miaka yote ile, mlimani na barabarani, na wa kwanza kuukataa mrija wake awe huyu, siku hii, mbele ya kata nzima na mgeni wa mkoa. "Basi sema kinachokuzuia," akasema. "Watu wanakusikiliza."

Speciosa aliinamisha uso.

"Anayeogopa sumu ya mwenzake," Domisiana akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye turubai, "ndiye anayejua inavyopikwa."

Speciosa akainuka, akakusanya khanga yake, akaondoka akipita nyuma ya shule. Wanawake waliobaki wakaugombania mrija, wakavuta mmoja baada ya mwingine kwa pupa, wakisema pombe ni baridi, pombe ni tamu, Mama Anatoli hana mwenzake. Domisiana alijiona ametetewa.

Mgeni rasmi aliaga jua likiwa bado juu, maana barabara ilikuwa mbaya. Gari lake lilipokata kona, Leonidas na Faustini walikwenda kijumbani, wakamkuta Domisiana anapanga chupa tupu kwenye kreti. Leonidas ndiye aliyesema, na safari hii hakuwa na haraka, akaitamka kila herufi mahali pake. Anatoli hakuwa kwenye lori la pili. Lori la pili halikuwapo. Anatoli aliangukia Uganda mwezi wa nne, wakamzika hukohuko.

Domisiana aliweka chini chupa aliyokuwa ameishika. "Mlijua lini?"

"Mama, pole sana, tulikuwa..." akaanza Leonidas.

"Nimeuliza mlijua lini."

"Alhamisi," akasema Faustini. "Taarifa ilifika Alhamisi. Mama, ilikuwa sherehe ya taifa. Mgeni alishapangwa. Tungefanyaje?"

"Nani mwingine alijua?"

Akawapita, akatoka nje, akatazama uwanja. Ngoma zilikuwa zimekoma. Watu walisimama makundi makundi wakimtazama yeye, wanawake wameshajifunga khanga viunoni, na mara kilio kikapanda uwanja mzima kwa pamoja. Wenye taarifa za ghafla hawalii hivyo. Mmoja huanza, mwingine huuliza, wa tatu hukataa kuamini. Hawa walilia kama watu waliokuwa wanangoja zamu. Walikuwa wamekikalia kilio chao tangu Alhamisi, wakanywa juu yake.

Yeye hakulia. Alirudi kijumbani, akaanza kuzing'oa fito. Alibomoa ukuta wa ndani na wa nje, mkaa ukamporomokea miguuni, na wanaume waliokuja kumshika aliwaambia neno moja la Kihangaza ambalo sitaliandika. Wakamwacha.

Yaliyobaki aliyajua vipande vipande, akiwa amekaa kwenye mkeka wa matanga. Nchi ile mtu akifa hakuna jembe linaloinuliwa mpaka msiba uanuliwe. Ni haramu, watoto wanaijua. Ijumaa na Jumamosi kijiji kizima kilikwenda kulima. Leonidas ndiye aliyewaamuru, wasije wakamshtua mpika pombe, akaongeza kwamba atakayefungua mdomo asije dukani kuulizia sukari. Basi walilima na habari ya kifo cha kijana wao masikioni, wakabeba maji, wakapiga ngoma. Sasa msiba ulipotangazwa waliogopa. Walikuwa wamevunja kitu wote kwa pamoja, na watu wakivunja kitu kwa pamoja hawakiungami, humtafuta wa kumbebesha.

Hawakutafuta mbali. Domisiana mwenyewe aliwapa. Si alisema mbele ya kata nzima? Si alisema anayekataa mrija ndiye mjuzi wa sumu? Mwanamke asiye na mtoto, anayemshikashika mtoto wa mwenzake tangu ubatizo, halafu mtoto anakufa na yeye peke yake hagusi pombe. Hesabu ilikamilika upesi. Kwanza waliacha kumsalimia Speciosa. Halafu migomba yake ilikatwa. Halafu mawe yakaanguka juu ya bati lake, na Leonidas akatangaza mkutanoni kwamba kwa usalama wake mwenyewe ingekuwa vema aondoke. Speciosa aliondoka na kitanda cha kamba na sufuria, akaenda kwa kaka yake, kijiji cha Bisibo, upande wa Biharamulo.

Na Domisiana? Alisikia yote. Mkeka wake ulikuwa hatua chache kutoka njia aliyopita Speciosa na mzigo kichwani. Neno lake moja lingetosha, kwa sababu maneno yalikuwa yake. Hakulisema. Ninaweza kusema alikuwa amepigwa na msiba, na ni kweli, lakini si yote. Mtu aliyefiwa na mwana mmoja hutamani awepo wa kumchukia, na Leonidas alikuwa mwenyekiti, na Faustini alikuwa serikali, na vita vilikuwa mbali. Speciosa alikuwa karibu. Kwa miezi kadhaa Domisiana alipenda kuamini.

Aliyemfungua macho ni Zita, mke wa Leonidas, na alimfungua bila kukusudia. Walikuwa wanaanua ulezi, Zita akaanza kujitetea kwa jambo ambalo hakuwa ameulizwa. "Sisi tulikunywa ili usishtuke, Mama Anatoli. Ulidhani tulikuwa na hamu? Mimi ile pombe yako ilinikwama hapa. Lakini tungeikataa ungejua."

Domisiana alishika ungo wake, akapiga hesabu. Waliokunywa walikuwa wanajua. Basi asiyekunywa naye alikuwa anajua. Hakumkataa yeye. Mama wa ubatizo alikuwa amefiwa, na aliyefiwa hanywi pombe ya sherehe.

Kiangazi kilichofuata alifunga safari. Alipata lori la pamba mpaka Biharamulo, kutoka hapo akatembea, akiuliza njia. Njia nzima alipanga maneno. Angepiga magoti. Angesema: watu wote wale walinidharau, wewe peke yako uliniheshimu, na mimi niliyemtukana ni wewe. Angemwomba warudi wote wawili, na atakayerusha jiwe aanze na yeye. Katika dunia hii yote alikuwa amebakiwa na mtu mmoja, na alikuwa anakwenda kumchukua.

Alimkuta uani kwa kaka yake, ameketi kwenye kigoda, anamenya mihogo. Amezeeka. Domisiana alipiga magoti kama alivyopanga, akasema yote kama alivyoyapanga. Speciosa hakuacha kumenya mpaka alipomaliza.

"Inuka, unachafua nguo," akasema. "Nimekusamehe sumu zamani. Lile lilikuwa neno la hasira."

"Wewe peke yako uliniheshimu."

"Hapana." Speciosa aliweka kisu magotini. "Usinipambe, Domisiana. Alhamisi nililetewa habari, na mlango wako na wangu haiko mbali. Ijumaa sikuja. Jumamosi sikuja. Jumapili nilikuja, nikakaa, ukaniambia mwanangu yuko Nyakahura, nami nikakuangalia tu."

"Leonidas aliwatishia."

"Sukari? Sikufikiria sukari. Niliogopa uso wako. Nilitaka akuambie mtu mwingine." Aliokota muhogo mwingine, akaugeuza mkononi. "Kutokunywa si kusema. Wenzangu walikunyamazia wakinywa. Mimi nilikunyamazia na kiu yangu. Ndiyo tofauti yetu, na ni ndogo."

Domisiana alikuwa amekuja kote huko kumfuata mtu mmoja aliyesimama upande wake siku ile, na mtu huyo alikuwa anamwambia hakukuwa na yeyote. Angeweza kuinuka akaondoka. Jua lilikuwa bado lipo, na njia alishaijua. Alibaki amekaa chini, mikono mitupu mapajani, kwa muda ambao kaka yake Speciosa alitoka, akawatazama, akarudi ndani.

"Rudi nami Murukulazo," akasema mwishowe.

"Sirudi."

"Basi."

Domisiana alivuta beseni, akachukua muhogo, akaomba kisu kingine.